Haihati iliyojificha kwenye sauti yake

Meseji iliingia usiku sana, fupi tu: "Kaka samahani, hii haihati inayolia nyuma ya dada nani kaipiga?" Nikamjibu hakuna haihati humo, zile sahani za ngoma zinazolia tsi tsi, nimekutumia sauti peke yake, akapela kavu, hamna kingine. Akanirudishia kipande cha sekunde nne, pale dada, rapa ninayefanya naye kazi, anapovuta pumzi kabla ya vesi ya tatu, kapandisha volumu mpaka mwisho. Nikavaa hedifoni nikasikiliza, na kweli ipo. Tsi, tsi, tsi, kwa mbali kabisa nyuma ya pumzi. Na chini yake kuna kitu kingine tena, kinanda, kinalia kama kiko chumba cha tatu na mlango umefungwa.

Ilikuwa biti yangu mwenyewe. Ile ya miaka minne nyuma, ilivuja kwenye hedifoni zake siku tuliyorekodi, maiki ikaidaka, na mi nimeisafisha hiyo sauti, nimeimiksi, nimeisikiliza labda mara mia tatu, sijawahi kuisikia hiyo haihati hata siku moja. Kaisikia mtu ambaye hatujawahi kuonana, ambaye nilikuwa nimemtumia folda siku mbili tu kabla.

Nataka kuelezea hii albamu ya rimiksi tuliyomaliza juzi, na nimeanzia hapo kwa sababu kila mtu ananiuliza kuhusu kava na lini inatoka na nani yumo, alafu mi kichwani nawaza hiyo haihati.

Nirudi nyuma kidogo. Mi natengeneza biti chumbani, sina lebo, sina meneja, narekodi mwenyewe, namiksi mwenyewe, napandisha mafaili mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nafanya kazi na rapa mmoja ambaye humu nitamwita dada tu maana ndo ninavyomwita siku zote. Tulitengeneza nyimbo tisa tukatoa albamu yenye nyimbo nane, ule wa tisa tuliuchomoa dakika za mwisho na nitafika huko. Albamu ikasikilizwa na watu wachache wanaosikiliza kwa makini, basi, maisha yakaendelea. Alafu siku moja akaniambia, "Kaka, haya maneno yangu nimeyazoea kwenye nguo zako tu, nataka niyaone yamevaa nguo za watu wengine." Wazo la rimiksi lilianzia hapo, kwake, sio kwangu, na nalisema wazi kwa sababu watu wakiona albamu ya rimiksi wanadhani ni prodyuza ndo kaamua.

Tukatafuta maprodyuza tisa. Wengine nilikuwa nawafahamu kwa biti zao tu, tunapongezana mtandaoni miaka yote bila kujua sura. Mmoja yuko masaa saba mbele yangu, mwingine anafanya kazi ya usiku kwa hiyo anapiga biti asubuhi watu wakiwa wanatoka. Kila mmoja achague wimbo mmoja, apewe mafaili yote, na mi nisimwambie chochote mpaka alete rasimu ya kwanza. Hilo la mwisho ndo lilikuwa gumu kuliko yote. Kukaa kimya wakati mtu anafungua kazi yako aone ulichofunika wapi.

Najua wengi tukisikia neno rimiksi tunategemea biti ileile, imeongezwa vesi za mastaa wawili na kiki, ile ngoma ya chini, nzito kidogo. Sina tatizo nayo hiyo, nimecheza nazo sana, lakini mi niliingia kwenye huu muziki kupitia mlango mwingine. Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wanatoa santuri upande mmoja una wimbo, upande wa pili una wimbo huohuo umeondolewa sauti, wakiita vashen, ili mtu achane juu yake kwenye sherehe. Alafu akina King Tubby, ambaye kabla ya yote alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, wakaanza kuichezea ile miksi yenyewe, sauti inaingia neno moja inapotea kwenye mwangwi, besi inabaki peke yake, ngoma inarudi. Hakupiga ala yoyote humo. Alikuwa anatoa na kurudisha vitu vilivyokuwepo tayari, na ukisikiliza unajua kabisa hii ni kazi ya mtu fulani na sio mwingine. Kijana aliyezaliwa Kingston mwaka 1955 akahamia Bronx mwaka 1967, tarehe 11 Agosti 1973 akapiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, ana nakala mbili za santuri moja, anarudisha kile kipande cha ngoma tupu tena na tena ili wanaocheza wasipoe. Huyo ni DJ Kool Herc. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, hip-hop imeanza kama rimiksi, mtu kasikia sekunde kadhaa ndani ya wimbo wa mwenzake akaona hapa pana nyumba nzima, wengine wote wamepita tu.

Ndo maana nilitaka tufanye kwa namna hiyo. Chukua kilichopo, sikiliza mpaka uone ambacho mwenyewe hakukiona.

Sasa tuje kwenye mafaili, maana hapa ndo kazi yenyewe ilipo na hakuna anayependa kuiongelea. Nilidhani kuandaa mafaili ya nyimbo tisa ni kazi ya wikiendi moja. Ilichukua wiki tano. Kila wimbo lazima ugawanywe, kiki peke yake, snea peke yake, besi, kinanda, sauti kuu, sauti za kujazia, vicheko, kila kitu kianzie sekunde sifuri hata kama kinaingia dakika ya pili, ili mtu akivimwaga vyote kwenye programu yake vikae mahali pake bila kuhangaika kupanga. WAV, bit 24 (ubora wa rekodi, sio biti ya muziki), majina yanayoeleweka. Nilikuwa na mafaili yanaitwa "sauti mpya 2 mwisho kweli" na nikalazimika kuyafungua moja moja kujua ni nini.

Sauti nilituma mara mbili, moja ikiwa na kompresa, ile inayobana sauti kubwa na ndogo zikaribiane, na mwangwi kama ilivyo kwenye albamu, nyingine kavu kama ilivyotoka kwenye maiki. Kompresa ukishaichoma kwenye faili huwezi kuitoa, na sauti iliyobanwa kwa ajili ya biti yangu nzito itasikika imekakamaa kwenye biti laini ya mtu mwingine. Hili nilijifunza zamani nikiwa upande wa pili, natumiwa akapela zimebanwa mpaka pumzi zina kelele kuliko maneno.

Alafu kuna hili la mp3. Prodyuza mmoja, kijana mzuri sana, intaneti yake ilikuwa inasumbua akaniomba nimtumie mp3 aanze nazo. Nikamtumia. Akaleta rasimu, nikaisikiliza, kuna kitu hakikai. Nikashindwa kukisema. Dada anasikika amechoka, anavuta miguu, na haikuwa hivo siku anarekodi, namjua. Tukahangaika siku tatu ndo tukagundua, faili la mp3 likitengenezwa linaongezewa kimya kidogo mwanzoni, programu zingine zinakifuta zikifungua, zingine hazikifuti. Kawaida ni sampuli 1,105, vile vipande vidogovidogo vya sauti ya kompyuta, yani kama milisekunde 25. Unaweza kusema milisekunde 25 ni nini, kope tu ukipepesa inachukua zaidi ya hapo. Kwa rapa ni tofauti ya kuwa ndani ya mdundo na kuwa nyuma yake.

Na hapa niwaambie kitu kinanigusa sana. Biti zangu nyingi ziko BPM 92, yani mapigo 92 kwa dakika, na haihati zangu hazijanyooka. Kwenye Akai MPC60, mashine ya kutengenezea biti ya mwaka 1988 iliyobuniwa na Roger Linn, kulikuwa na namba ya kuchelewesha kila pigo la pili dogo, ukiweka asilimia 50 yamenyooka kabisa, ukipandisha yanaanza kuyumba kama mtu anayetembea kwa raha. Mi napenda 58. Piga hesabu, kwa BPM 92 hiyo asilimia 58 inachelewesha lile pigo kwa milisekunde kama 26 hivi. Ni kiasi kilekile karibu sawa na kosa la mp3. Yani ladha yote ninayoihangaikia, ile ambayo mtu akisikia anatikisa kichwa bila kujua kwa nini, inaweza kufutwa au kuharibiwa na faili lililohifadhiwa vibaya.

Na rapa anaidaka hiyo namba bila kuambiwa. Dada alirekodi juu ya haihati za 58, kwa hiyo herufi zake, zile t na k na ch, zinadondoka pale haihati zinapodondoka. Ukimtoa kwenye biti yangu ukamweka kwenye biti iliyonyooka anasikika kama anachelewa, na sio yeye anayechelewa, bado anasikia ile nyingine. Maprodyuza wawili walinitumia rasimu zenye hilo tatizo na wote wawili walikuwa wameanza kumkatakata neno neno ili anyooke. Niliwaomba waache, wabadilishe haihati zao badala ya kumbadilisha yeye. Mmoja akakubali palepale. Mwingine tulibishana wiki nzima, na mwisho akafanya kitu ambacho sikukifikiria, akaondoa haihati kabisa, akabaki na besi na kiki tu, na dada ndo akawa haihati. Sasa hivi ule wimbo naupenda kuliko wa kwetu. Nimemwambia dada hivohivo, akasema na yeye pia.

Tempo nayo. Wimbo mmoja niliandika kwenye maelezo BPM 92, kumbe ulikuwa 92.5, nilipandisha nusu wakati wa miksi nikasahau. Nusu haionekani ni kitu, ila kwa dakika tatu ni tofauti ya pigo moja na nusu, vesi ya kwanza iko sawa, ya pili inayumba, ya tatu iko nje kabisa. Yule dada prodyuza aliyepewa huo wimbo alidhani anakosea yeye na alikaa nao siku nne bila kusema. Nilijisikia vibaya sana na nilimpigia simu kumwomba radhi, kwa sababu siku nne za mtu ambaye hujamlipa chochote ni kitu kikubwa.

Kuhusu hela niseme kwa kifupi lakini niseme. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na kwenye rimiksi watu wanagombana kwa sababu hawakuongea kuhusu hizo mbili tofauti. Kawaida anayefanya rimiksi analipwa mara moja anaondoka, utunzi haumgusi. Sisi hatukuwa na hela ya kumlipa mtu mara moja, kwa hiyo tuliandika ukurasa mmoja kila wimbo, kabla ya mtu kugusa faili. Maneno ni ya dada siku zote. Kama kwenye rimiksi hakuna melodi yangu hata moja iliyobaki, mi kwenye utunzi nachukua sifuri, aliyetengeneza muziki mpya ndo mwenye muziki. Rekodi tunagawana watatu. Kila rimiksi ina namba yake ya ISRC ya kuitambulisha rekodi, zile herufi na tarakimu 12, kwa sababu ni rekodi mpya, ukitumia namba ya wimbo wa zamani hesabu za usikilizwaji zinachanganyika na mwenzako halipwi. Mtu mmoja hakupenda hayo mapatano akajitoa, na alijitoa kwa heshima, akarudisha na folda. Wimbo wake nikaubeba mimi.

Sasa ule wa tisa.

Ule wimbo nilitengeneza kutoka kwenye kinanda cha sekunde sita nilichokata kwenye santuri ya zamani. Sekunde sita tu. Nilikizungusha, nikakishusha, nikakizungushia haihati zangu, dada akaja akakisikiliza mara moja akaandika vesi tatu kuhusu rafiki yake walioanza naye kurap, walikuwa wanagawana daftari moja, alafu rafiki akaacha. Hakufa, hakuhama, aliacha tu, siku moja akasema mi sirap tena na hakurap tena. Dada alikuwa na miaka 19. Alirekodi zote tatu kwa mpigo mmoja na kabla ya ya tatu akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kubeba kitu kizito. Mi nikaikata ile pumzi kwenye miksi. Nilikuwa nakata pumzi zote kipindi hicho, nilidhani ndo usafi.

Hatukuutoa kwa sababu ya kinanda. Tangu ile kesi ya New York mwaka 1991, ya rapa Biz Markie na kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan, ambayo jaji aliianza hukumu kwa amri ya "Usiibe" na albamu ikaondolewa sokoni, kila mwenye sampo, yani kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya mtu mwingine, isiyo na ruhusa anajua anatembea na nini mfukoni. Tuliandika kuomba ruhusa pande zote mbili, wenye rekodi na wenye utunzi. Upande mmoja ulijibu kwamba wamepokea barua. Miezi kumi na moja hatukusikia kingine. Tukauchomoa. Dada hakulalamika, ila nilimwona siku ile, na tangu siku ile huo wimbo tulikuwa hatuutaji.

Kwa hiyo rimiksi zilipokuja nikaona njia. Kinanda kinabaki, sauti inaondoka inakwenda kwa mtu mwingine, anaijengea muziki mpya ambao hauna deni la mtu, wimbo unatoka. Mwaka 2004 prodyuza Danger Mouse aliweza kuchanganya sauti za Jay-Z na muziki wa Beatles kwa sababu Jay-Z alikuwa ametoa akapela zake rasmi, upande wa sauti haukuwa shida, shida ikaja upande wa Beatles na barua za EMI, kampuni yenye rekodi zao. Kwetu ingekuwa kinyume, nikajiambia, sauti ni yetu na muziki utakuwa wetu. Nilifurahi sana na huo mpango. Nikaandaa folda, nikamtumia yule jamaa wa masaa saba mbele, siku mbili baadae ikaja ile meseji.

Na nilipokisikia kile kinanda nyuma ya pumzi nikajua kilichotokea. Sampo ilikuwa imeingia ndani ya sauti yake. Ilivuja kwenye hedifoni, ikapita hewani sentimita chache, ikaingia kwenye maiki pamoja naye, na sasa kila alipokaa kimya ipo, na kila alipoongea ipo chini ya maneno.

Tukajaribu kumtenganisha nayo. Zana zipo siku hizi, Deezer walitoa Spleeter mwaka 2019, kuna Demucs, unaipa faili inakutengea sauti na ala, na kwa kazi nyingi zinashangaza kwa kweli. Hapa zilitoa kinanda zikala na s zake. Maneno yote yenye s na sh yakawa kama yanatokea chini ya maji. Tukajaribu kuzima sauti kila anapokaa kimya, pumzi ikapotea tena na mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na shimo unalisikia. Jamaa akaniandikia, "Kaka mi naweza kuifunika kwa muziki, hakuna atakayesikia, ila we utajua na mi nitajua." Nilimheshimu sana kwa ile meseji. Angeweza kufunika na kunyamaza na nisingejua kamwe.

Ilibaki kurekodi upya.

Nilichelewa kumwambia dada kama wiki mbili. Nikawa nazunguka, namtumia rasimu za nyimbo zingine, namwambia zinaenda vizuri. Mwisho nikamweleza yote, haihati, kinanda, kila kitu. Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Kaka, mi sio yule tena. Nina miaka 23, sauti imeshuka, na yule rafiki yangu nimeshamsamehe. Ntayasemaje yale maneno kama sijamsamehe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia asifanye chochote kwanza. Jamaa naye nikamwambia asubiri, akasema sawa, ila akaniomba kitu kimoja, nimtumie ile pumzi peke yake.

Nikakaa na hedifoni nikatafuta kwenye hadidiski ya zamani, sio kwenye miksi, kwenye mafaili ya mwanzo kabisa ambayo sijayagusa, na kule kulikuwa na jaribio la kwanza, lile la kupima maiki kabla sijawasha biti. Anavuta pumzi, anagonga stendi ya maiki kwa kidole mara mbili, anasema "tayari kaka?" Biti haijaanza. Hedifoni ziko kimya. Sekunde nne safi kabisa, za dada wa miaka 19, hamna kinanda humo.

Nikamtumia jamaa hizo sekunde nne. Baada ya siku tisa akaleta biti nzima imetoka humo. Kile kidole kwenye stendi amekishusha kikawa kiki, amekipandisha kikawa kitu kama mti unaogongwa. Pumzi ameinyoosha ikawa upepo unaokaa chini ya kila kitu, na ameikata vipande vidogo sana akapiga kama haihati, tsi tsi tsi, alafu nikaangalia namba zake na kaziweka 58. Sikumwambia. Kasema aliisikia kwenye ule mvujo akaona ndo mwendo wa dada. Zamani watu walikuwa na SP-1200, mashine ya sampo ya mwaka 1987 yenye sekunde kumi tu za kuhifadhi sauti, wanaipiga santuri ya 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi alafu wanakishusha, na ile mikwaruzo iliyotokana na kubana matumizi ndo tukaipenda. Jamaa alikuwa na sekunde nne. Hakuongeza kingine zaidi ya besi aliyopiga mwenyewe.

Nikampelekea dada bila kuandika kitu. Alinipigia asubuhi. Akaniuliza hii ni nini, nikamwambia ni wewe, siku ile, kabla hatujaanza. Akasema ngoja. Akakata.

Alikuja kurekodi Jumamosi. Vesi ya kwanza na ya pili alizisema kama zilivyoandikwa, na sauti yake ya sasa, nzito, hana haraka. Ya tatu aliandika upya. Sitaiweka hapa, mtaisikia, ila sasa anamwongelesha yule rafiki badala ya kumwongelea. Na niliziba zile hedifoni kwa taulo na kushusha biti mpaka nusu ili isivuje, alafu katikati ya kazi nikasita, nikamwuliza kama anaisikia vizuri. Akasema hata ukizima naisikia.

Zingine zilikwenda haraka baada ya hapo. Ule niliobeba mimi ulinishinda mara tatu, kumbe kufanya rimiksi ya biti yako mwenyewe ni kazi mbaya, unajua kila kitu kiko wapi na masikio hayashangai tena, mwisho nikampa dada prodyuza, yule wa 92.5, tukaufanya wote. Miksi tisa za watu tisa zilikuja kila moja na ukubwa wake wa sauti, moja ilikuwa imebanwa mpaka haina hewa, nikarudi kuwaomba wote watoe limita, ile inayozuia sauti kuvuka kiwango, na waache nafasi ya desibeli sita juu. Spotify yenyewe inashusha au kupandisha kila kitu kuelekea LUFS hasi 14, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo kubana ili uwe mkubwa kuliko jirani hakukusaidii, unabaki umebanwa tu.

Mpangilio wa nyimbo tulibishana mimi na dada siku nyingi, alitaka ule wa rafiki uwe wa mwisho, mi nilitaka uwe katikati watu wasije wakauchukulia kama kwaheri. Umekaa namba saba.

Fundi wa masta, yule anayemalizia sauti ya albamu, aliporudisha mafaili kila kitu kilikuwa kizuri, kwa kweli kazi yake ni safi, ila namba saba ilikuwa inaanza moja kwa moja na kiki. Alikuwa amekata sekunde mbili za mwanzo, aliona ni ukimya wa bahati mbaya, mafundi wengi wangefanya hivo, na mi mwenyewe miaka minne iliyopita ningezikata. Nikamwandikia kwamba zile sekunde mbili ni pumzi, ni ile ya kwenye jaribio, aziache kama zilivyo na asizisafishe. Akazirudisha siku hiyohiyo.

Usiku ule nilimpigia dada nikamchezea faili la mwisho kwenye spika, simu nimeiweka mezani. Ikapita pumzi, vikapita vidole viwili kwenye stendi, na kabla kiki haijaingia nikamsikia upande wa pili wa simu na yeye anavuta.